Helmeti ya Pili ya Namba Tisa

Kila Jumatatu asubuhi, katika mkahawa unaotazamana na ghala la mahindi, wanaume wa mji wetu huwapima makocha wawili kama wanunuzi wapimavyo ndama mnadani.

"Rademacher alikuwa anashinda mechi tisa kwa mwaka," Gus wa matrekta alisema wiki ile ya mechi ya mwisho. "Huyu Teague ana tano. Anafundisha timu au analea chekechea? Kijana akipiga chafya tu, anamkalisha benchi!"

"Anawafunika kwa blanketi," mwingine akadakia. "Mzee Orrin, wewe umewatumikia wote wawili. Hebu sema."

"Kahawa imepoa," nilisema, nao wakacheka. Wamezoea.

Mimi ndiye mtunza vifaa wa timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, mwaka wa ishirini na sita sasa. Nafua jezi na kukaza skrubu za helmeti. Hakuna aliyenifundisha, nilizifungua moja moja mpaka nikazielewa. Mke wangu, Lavonne, husafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa sababu ya figo, na bima inayolipia inatoka chuoni. Imebaki miaka mitatu nistaafu. Kwa hiyo nakunywa kahawa yangu na kunyamaza.

Ninachokijua mimi, Gus hakijui. Mchezaji akigongwa kichwa, Marcy, mtabibu wa timu, habishani naye. Anamvua helmeti na kuondoka nayo, maana bila helmeti hakuna anayeruhusiwa kuingia uwanjani. Enzi za Rademacher, chini kabisa ya sanduku langu la vifaa kulikuwa na helmeti za pili, zenye namba zilezile. Hakuwahi kuniambia neno. Alikuwa akigusa ukingo wa kofia yake mara mbili, nami nafungua sanduku. Hivyo ndivyo Russ Nemec alivyorudi uwanjani mara tatu katika msimu mmoja.

Rademacher si mtu mbaya. Nimejaribu kumwona hivyo nikashindwa. Baba yake Russ alipolazwa, aliendesha gari kwa muda wa saa nne kwenye theluji kwenda kumwona. Lakini mwezi uliopita nilikwenda duka la zana za shamba, ambako Russ anauza, naye akaniuliza saizi ya bolti ninazotaka mara tatu. Mara ya tatu alitabasamu kama vile ndiyo kwanza naingia mlangoni.

Teague alikuja kushika nafasi yake miaka miwili iliyopita. Hana ucheshi, na majina ya wake zetu hayashiki. Siku ya kwanza aliingia stoo, akafunua sanduku.

"Hizi za nini, mzee?"

"Za akiba."

Aligeuza moja, akaona namba yake. "Zitoe. Na Marcy akikuletea helmeti, itie humu, ukae juu yake. Hata nikija mimi mwenyewe kuiomba, usinyanyuke."

"Hata wewe, Kocha?"

"Hasa mimi."

Nilizitoa zote isipokuwa moja, ya namba tisa. Namba tisa ni Cade Vossler, mrushaji wetu, anayeanzisha kila shambulizi, na timu bila mrushaji ni mkokoteni bila farasi. Nilijiambia kwamba ile anayovaa inaweza kupasuka. Nilijiambia hivyo kwa miaka miwili.

Mechi ya mwisho ilichezwa Jumamosi mchana, kwenye upepo mkali. Kila mtu alijua kwamba bodi ya chuo ingekaa kesho yake, na kwamba Teague akishindwa, kazi yake imekwisha. Rademacher alikuwa amekaa safu ya kwanza nyuma ya benchi letu, na kofia yake nyekundu. Zikiwa zimebaki dakika tatu, tukiwa nyuma kwa pointi nne, Cade alikumbwa na wapinzani wawili wakamwangusha, kichwa kikagonga ardhi na kudunda. Aliinuka, akaenda kujipanga na timu pinzani.

Marcy aliniletea helmeti yake. Niliitia sandukuni, nikakaa juu. Sasa nilikuwa nimezikalia zote mbili.

Uwanja ulianza kuimba: "Ra-de-ma-cher! Ra-de-ma-cher!"

Cade akaja mbio. "Mzee Orrin, nipe bwana. Niko fiti. Niulize chochote!"

"Tunacheza na nani leo?"

Aligeuka upande wa pili, akakunja uso ili asome jezi zao.

"Nenda kakae, mwanangu."

Nilipoinua macho, nilimwona Rademacher. Aligusa ukingo wa kofia yake mara mbili. Magoti yangu yalianza kunyanyuka yenyewe kabla sijawaza lolote, na makalio yakaachana na mfuniko. Nikajirudisha chini kwa kishindo.

Ndipo Teague akaja. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu.

"Fungua."

"Kocha, ulisema..."

"Najua nilichosema! Nina dakika mbili. Fungua, Orrin." Hakuwahi kuniita kwa jina kabla ya siku hiyo.

"Ulisema hasa wewe."

"Basi leo nakuamuru. Usipoinuka, Jumatatu usije kazini. Umenisikia?"

Nilimsikia. Nilimfikiria Lavonne na mirija yake. Nilishika vishikio vya sanduku, huku na huku, kama mtu aliye kwenye mashua inayopinduka, nikatazama viatu vyake. Vilibaki pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha vikageuka. Akamwingiza mrushaji wa akiba, na mpira wa pili kijana yule aliurusha moja kwa moja mikononi mwa wapinzani.

Jumapili walimfukuza. Alipita stoo kuchukua viatu vyake vya mvua, akasimama mlangoni akiwa amevishika.

"Ungeinuka, ningemwingiza," alisema.

"Najua, Kocha."

"Mimi nilikuwa sijui." Akaondoka. Kwa hiyo hakuna aliyenifukuza mimi. Aliyetishia hakuwa na kazi tena.

Jumatano bodi ilimrudisha Rademacher. Mkahawani walipiga meza mpaka vikombe vikaruka. Alasiri alikuja stoo na sahani ya mikate ya mdalasini, iliyofunikwa kwa taulo.

"Ya Lavonne hii. Bado anakwenda kusafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa?"

"Bado, Kocha." Teague hakuwahi kuniuliza hilo.

"Mwambie kwamba mke wangu anaweza kumpeleka ukibanwa na kazi." Akaegemea rafu. "Jumamosi nilidhani hukuniona."

"Nilikuona."

Akatabasamu. "Haya, yamepita. Ile ya pili ya namba tisa bado ipo?"

"Ipo."

"Ndiyo maana nakupenda, Orrin." Akanipiga bega, akatoka.

Nilifunga mlango. Niliitoa helmeti, nikaibana kwenye jiliwa, nikachukua msumeno wa chuma. Helmeti ni plastiki ngumu, inataka subira. Nilipofika katikati nilikumbuka kwamba kiwanda huleta nyingine kwa siku nne, na kwamba fomu ya kuagiza ataletewa mtunza vifaa aijaze. Nilisimama na msumeno umekwama kwenye mkato.

Kisha niliendelea mpaka vipande viwili vikaachana. Nilifagia unga wake, nikachukua sahani ya mikate, nikaenda kumchukua Lavonne.