Hoshida ya Mjomba Fabiano

Mjomba Fabiano wa Merikit alikuwa na imani mbili, Kanisa Katoliki na gari aina ya Hoshida, na kati ya hizo mbili ni ile ya kwanza tu aliyoruhusu watu waiulize maswali. Hoshida yake nyeupe ndiyo iliyomleta Awor nyumbani kwake wazazi wa msichana huyo walipofariki. Ndiyo iliyompeleka zahanati kila homa ilipomshika. Jumamosi ingempeleka kanisani Nagongera, akaolewe na Patroba, kijana wa Busia ya upande wa Kenya.

Alhamisi asubuhi redio ikavuruga mambo. Kampuni ya Hoshida, mtangazaji alisema, inayaita magari yake ya zamani yakaguliwe. Ule mfuko wa hewa unaofichwa ndani ya dashibodi, unaofura kumkinga mtu gari likigonga, umeonekana kuwa na kasoro: unaweza kupasuka na kurusha vyuma. Mafundi wa kampuni wapo Tororo, na ukaguzi ni bure.

Kevo, mdogo wake Patroba, alikuwa ameleta soda za harusi kwa gari lake aina ya Delmani. Alilisikia tangazo lile akiwa na kreti mikononi. Akaiweka chini taratibu, uso umemng'aa kama mtu aliyepewa zawadi.

"Mjomba, si wewe ulisema Delmani ni sufuria yenye magurudumu?"

"Bado nasema."

"Basi sufuria haijawahi kumlipukia mtu. Shemeji yangu hapandi bomu. Jumamosi nambeba mimi."

Awor alimwangalia mjomba wake. Fabiano akikasirika hupiga kelele, akiumia hunyamaza. Sasa alinyamaza, akakuna shingo, akasema, "Sawa. Mumbebe. Mimi nabaki hapa, nachunga kuku."

"Mjomba, nani ataniingiza kanisani?"

"Kevo anajua kila kitu. Yeye akuingize."

Awor hakubishana. Alingoja amalize chai yake, akamletea funguo na kofia. "Twende Tororo wakaiangalie," alisema. "Mimi bila wewe siingii kanisani, hata askofu anisukume."

Wakaenda. Kevo akawafuata nyuma na Delmani yake, eti awe shahidi.

Huko Tororo, Hoshida zilikuwa zimepangwa foleni mbele ya hema, na wenyewe wamesimama kando yake kama wazazi walioitwa shuleni kwa sababu ya watoto wao. "Yangu haijawahi hata kukohoa," mzee mmoja alimwambia Awor, na hakuna aliyemuuliza. Mwingine aliapa kwamba zenye kasoro ni zile za Wazungu.

Fundi alikuwa msichana wa ovaroli ya buluu, Roselyn. Alifungua dashibodi ya Fabiano, akachungulia, akaingiza mkono mpaka kiwiko.

"Mzee, mfuko wa hewa uko wapi?"

"Si iko ndani huko?"

Roselyn akavuta, na kilichotoka ni kipande cha blanketi chenye mistari myekundu. Foleni nzima ikasogea. Akafungua boneti, akainama huko kwa muda, akarudi amejiuma mdomo.

"Na hii injini, mzee, ni ya Delmani."

Kevo aliketi chini, palepale kwenye changarawe.

"Rudia," Fabiano alisema.

"Injini ni ya Delmani. Usukani sijui ni wa nini. Hoshida hapa ni milango ya kushoto na hiyo nembo ya mbele."

Fabiano akampigia simu Geoffrey, fundi wake wa miaka yote pale Busia. Geoffrey akihitaji kipuri huvuka mpaka kwa miguu, akikikosa huku hukitafuta kule, na hurudi na chochote kinachoingia.

"Geoffrey, injini yangu ilikufa lini?"

"Ile mwaka ulienda kuhiji Namugongo," sauti ilijibu bila wasiwasi. "Uliniachia gari, ikakufa. Nikaweka ingine. Ukarudi ukaendesha, ukasema, Geoffrey, unaona Hoshida haizeeki? Nikaona nisikuvunje roho."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha wakatulia mmoja mmoja, kila mtu akiitupia jicho boneti yake.

"Lakini mimi," Fabiano alisema kwa unyonge, "siku ile ya mahari nilimpita Kevo pale kwenye mlima."

"Ulinipita na Delmani, Mjomba." Kevo alikuwa akijifuta machozi.

Awor aliiona pembe ya mdomo wa mjomba wake ikitetemeka, ikaacha, ikatetemeka tena. Mara Fabiano akaangua kicheko, akaliinamia kabisa hilo gari lake lenye injini ya watu.

"Dada," Awor alimuuliza Roselyn, "kwa hiyo hakuna cha kulipuka?"

"Hakuna. Na cha kukinga pia hakuna. Breki ni nzuri. Kaa nyuma, funga mkanda, na mzee aende polepole."

"Hajui kwenda vingine."

Jumamosi walifika salama hadi katikati ya Nagongera, siku ya soko, na hapo gari likazima.

"Delmani hizo," Fabiano alisema.

Kevo aliruka kutoka gari la nyuma, akafungua boneti. "Injini haina neno. Ni waya."

"Waya ya nani?"

Wakaanza kubishana waya ni wa kampuni gani, wakwe wa Kenya huku, wajomba wa Merikit kule, hadi shangazi zake Patroba walipochoka, wakakunja magauni yao na kuanza kusukuma. Wanaume wakaona haya, nao wakashika. Madereva wa boda boda waliwafuata wakipiga honi.

"Ni gari gani hiyo, mzee?" mmoja aliuliza.

"Hoshida," Fabiano alijibu dirishani, ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Milango tu," Kevo alisema kutoka nyuma, akihema.

Awor, mkanda umepita juu ya gauni jeupe, alikuwa amecheka mpaka machozi yamechora mito kwenye poda ya mashavuni. Aliuona mnara wa kanisa, akamgonga mjomba wake begani.

"Kata kona, Mjomba. Tumefika."