Ameze Mara Mbili

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani aliitwa Mkamwana, na aliyembatiza alikuwa kinyozi wa pembeni, ambaye kibaraza chake kilikuwa bunge la wanaume wasio na haraka. Siku moja kinyozi alimwona akianika magauni ya mama yake kwenye kamba, akasimamisha mkasi.

"Mwenzetu kaolewa na mama yake," alisema. "Tumwite Mkamwana, tumpe heshima yake."

Wakacheka, jina likashika. Hakulipinga. Aliyepewa jina akilikataa, hupewa la pili, na la pili huwa baya zaidi.

Kabla ya hapo alikuwa fundi friji kwa miaka kumi na mmoja. Mama alipopigwa kiharusi, yeye na dada yake mkubwa walikaa wakapanga. Dada ni mhandisi wa barabara, anasimamia wanaume sitini na mitambo tisa, na mshahara wake ni mara nne ya kile fundi alichokuwa akikipata kwa mwezi mzuri. Mmoja alipaswa kuacha kazi. Hesabu ilikuwa ya darasa la pili, na hakuna katika ukoo aliyeipinga mpaka ilipoanza kutekelezwa. Mchumba wake alivumilia mwaka mmoja. Mwaka wa pili akaolewa na mwingine.

Mama alikuwa amepooza upande wa kushoto na maneno yake yote yalikuwa yamekwenda, isipokuwa moja: "Mh." Hilo lilikuwa ndiyo. Hapana aliisema kwa kufumba macho.

Lakini kazi kubwa ilikuwa kooni. Mtu mzima mwenye afya hajui kwamba anapomeza kuna mlango unaofungwa ili chakula kisiingie njia ya pumzi. Mlango wa mama ulifungwa nusu. Mtaalamu wa hospitali alimwelekeza Mkamwana mara moja tu, kwa dakika kumi, na mengine akajifunza kama alivyojifunza mafriji: kwa kutazama, kusikiliza na kutodhani. Mama akae wima, si kuegemea. Kidevu kielekee kifuani. Kijiko cha chai, nusu, upande wa kulia wa mdomo. Ameze mara mbili kabla ya kijiko kingine, kwa sababu mmezo wa kwanza huacha masazo kwenye shavu la kushoto. Maji asipewe matupu hata tone. Yakorogwe na wanga uliopikwa mpaka yawe mazito kama asali. Akishamaliza, nusu saa asilazwe. Mlo mmoja ulichukua dakika arobaini na tano. Kwa miaka mitatu mama alipaliwa vibaya mara nne, zote katika mwaka wa kwanza.

Kisha ikaja homa. Daktari alipima akasema ni maambukizi ya njia ya mkojo.

"Siku tatu za sindano, mnarudi nyumbani," alisema, na hapo hakukosea.

Mlangoni mwa wodi ya wanawake alikaa muuguzi mkuu, mama mnene mwenye saa iliyobanwa kifuani.

"Nani atakaa naye?"

"Mimi, Sista."

"Nauliza wa kike."

Alinyoosha kalamu kuelekea ukutani bila kugeuka. Bango lilisema msaidizi wa mgonjwa wodi hiyo awe mwanamke, na wanaume waingie saa ya kuona wagonjwa tu: kwa muda wa saa moja mchana, na saa moja nyingine jioni.

"Mimi ndiye ninayemlisha. Ana shida ya kumeza."

"Hata hapa tunalisha watu, kaka."

"Mko wauguzi wangapi?"

"Wawili, vitanda thelathini na sita. Ndiyo maana kila mgonjwa ana mtu wake."

"Basi mtu wake ni mimi."

"Kaka yangu, hebu tazama humo ndani."

Akatazama. Hatua nne kutoka mlangoni mwanamke mzee alikuwa akiogeshwa juu ya kitanda, na pazia lake lilikuwa shuka iliyoshikwa na binti yake kwa meno na mkono mmoja. Akainamisha macho. Sheria mbaya mtu anaweza kugombana nayo. Hii ilikuwa ya haki, na alijua kuwa kama yule ajuza angekuwa mama yake, angeitaka itekelezwe.

Ng'ambo ya ukumbi kulikuwa na wodi ya wanaume. Ilijaa wake, dada na mabinti, wakifuta, wakigeuza, wakilisha. Mlangoni mwake hapakuwa na bango lolote.

Akampigia dada yake. Dada aliacha kazi mikononi mwa msaidizi wake, akaendesha gari kwa saa tano, akaingia mchana saa ya kuona wagonjwa, viatu vya kazi vikiwa bado na vumbi la kifusi. Wodi ikampokea kama mwenye nyumba.

"Ndiye binti?" alisema muuguzi mkuu, akitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Haya, sasa mgonjwa kapata mtu."

Mkamwana alikuwa amemkalisha mama wima kwa mito miwili. Alimkabidhi dada mfuko: bakuli, kijiko cha chai, kopo la wanga, na karatasi aliyoiandika kwa herufi kubwa, hatua kwa hatua, nakala ya ile iliyobandikwa jikoni nyumbani. Akaanza kueleza. Alikuwa amefika kwenye kidevu, kakishika cha mama kwa vidole viwili kuonyesha, ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa akimuuguza shangazi yake kitanda cha pili akaweka chini sahani yake.

"Makubwa haya," alisema. "Leo mwanamume anamfunza mwanamke kushika kijiko."

Vitanda vitatu vilicheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya; wodi ya hospitali hucheka inapopata nafasi. Dada naye akacheka.

"Ananiona mgeni kwa mama yangu," alisema, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. "Nimesikia, mdogo wangu. Kulia, kijiko kidogo. Si kujenga daraja."

"Na ameze mara mbili. Usipoona koo limepanda mara mbili, usimpe."

"Nimesikia."

"Na maji..."

"Jamani, mwache dada wa watu," alisema yule wa kitanda cha pili. "Kwani wewe ulinyonyeshwa na nani, na baba yako?"

Wakacheka tena. Kengele ikalia. Mama alimtazama mwanawe akiondoka, akafumba macho. Aliiona ile hapana, na mlinzi wa mlango alikuwa tayari ameshika kitasa.

Alikaa kwenye benchi la saruji ukumbini. Saa ya jioni ilipofunguliwa alikuwa wa kwanza kuingia. Mama alikuwa amelazwa chali. Bakuli lilikuwa tupu.

"Kamaliza lote," alisema dada kwa fahari.

"Kwa muda gani?"

"Hata dakika kumi hazikufika. Alikuwa na njaa."

Akamwinua mama, akaweka sikio mgongoni. Alisikia kitu kama maji kwenye bomba lenye hewa. Akamfuata muuguzi mkuu, akamweleza polepole, bila kupandisha sauti, kwa sababu mwanamume akipandisha sauti katika wodi ya wanawake hoja yake imekwisha hapo hapo.

"Kaka, mgonjwa akimaliza uji haulizwi," alisema muuguzi, akiandika. "Kala, shukuru. Wengine hapa wanatema."

"Amelishwa haraka mno. Niruhusu nimlishe mimi asubuhi, hata nusu saa. Wekeni shuka, nifungeni macho mkitaka."

"Nikuruhusu, na binti yake yupo? Nikikuruhusu wewe, kesho nina wanaume thelathini na sita humu. Utanijibia?"

Kengele ilipolia akatoka. Jambo hilo, la kutoka, hakuna aliyemlaumu kwalo, kwa hiyo ilimbidi ajilaumu mwenyewe.

Asubuhi, kupitia mlango uliofungwa, akasikia kikohozi. Kilikuwa kikavu, kifupi, mara tatu tatu, kisha kimya kirefu. Alikijua kutoka ule mwaka wa kwanza.

"Yule ni mama yangu," akamwambia mlinzi. "Anapaliwa."

"Kaa, bwana. Humo wanakohoa wote."

"Niitie dada yangu, basi."

"Dada yako anamlisha. Mwache amalize."

Akagonga mlango. Mlinzi akamshika mkono, si kwa nguvu, akamrudisha kwenye benchi, na watu waliokuwa ukumbini wakamtazama kama watu wanavyomtazama mlevi. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa bado saa tatu nzima.

Mchana alimkuta mama anapumua kwa mabega. Alihesabu kwa saa yake: pumzi thelathini na nne kwa dakika. Daktari aliitwa, akapima, akauliza nani alimlisha na namna gani. Dada alieleza. Daktari aliandika "chakula kwenye mapafu", akaagiza mtungi wa hewa. Siku ya tatu, ile waliyoahidiwa kurudi nyumbani, mama alifariki saa nne asubuhi, nje ya saa za kuona wagonjwa. Mwanawe alikuwa kwenye benchi.

Dada ndiye aliyetoka kumwambia. Aliketi kando yake, mfagiaji akapita akawaomba wainue miguu.

"Niliona haya," alisema dada. "Nilitaka kuisoma ile karatasi. Nikaitoa. Yule wa kitanda cha pili akaniuliza, barua ya mume hiyo? Nikairudisha mfukoni. Kila mtu mle alikuwa ananitazama. Mwanamke mzima, sijui kumlisha mama yangu."

"Ungeniuliza. Nilikuwa hatua ishirini."

"Najua."

"Kuuliza si ujinga."

"Kwako si ujinga," alisema. "Mimi kazini nikiuliza jambo moja, wanasema si tulisema, mwanamke hii kazi hajui. Miaka kumi na minne sijauliza mtu kitu. Nabahatisha, halafu narekebisha usiku peke yangu. Nimezoea."

Alimwelewa. Alimwelewa kabisa, hatua kwa hatua, kama anavyoielewa friji iliyoungua: hiki kilizuia kile, kile kikapasha kingine. Kuelewa hakujapata kuirudisha friji iliyoungua.

Nyumbani watu walijaa. Wanaume walikaa uani kwenye viti vya plastiki vya kukodi, wanawake wakachukua ndani. Alipoingia jikoni kuchota maji, shangazi yake, aliyefika asubuhi ile kwa mara ya pili ndani ya miaka mitatu, alimgeuza kwa mabega.

"Toka, mwanangu. Leo jikoni kuna wenyewe. Nenda kakae na wanaume wenzako."

Akaenda kukaa na wanaume wenzake. Kinyozi alimpa mkono, akamwita kwa jina lake la kitambulisho, ambalo kumbe alilijua siku zote.

"Pole sana. Mungu kampumzisha, na wewe kakupumzisha. Sasa urudi duniani, utafute kazi ya kiume."

Mjomba wao, mkubwa wa ukoo, alisimama kushukuru watu. Alisema machache, maana alikuwa mtu wa kupima maneno. Alimsifu marehemu. Kisha akageukia dirisha la jikoni.

"Na binti yetu. Ameacha barabara yake, ameacha wafanyakazi wake, amekuja kumshika mama yake mpaka pumzi ya mwisho. Kazi yake kubwa haikumsahaulisha. Wenye mabinti, mmeona." Watu wakaitikia. Alipokuwa anaketi akakumbuka jambo. "Na kijana wetu naye alikuwepo hapa nyumbani."

Dirishani dada alionekana ameshika fremu kwa mikono miwili. Alifungua mdomo. Mkamwana alimtazama, akatikisa kichwa, mara moja. Akisema kweli, watu hawatasema binti hakuuliza. Watasema kaka hakumfundisha vizuri, na kwamba hayo ndiyo matokeo ya kumwachia mgonjwa mwanamume. Dada aliufunga mdomo.

Ndani chai ilikuwa tayari na hakuna aliyeona sukari. Shangazi akamwuliza binti wa nyumba. Dada akafungua kabati la kwanza, akafunga. Akafungua la pili, na upande wa ndani wa mlango wake akaikuta karatasi, ya kwanza, ile iliyozaa nakala ya hospitali, iliyotapakaa alama za vidole na uji uliokauka, herufi za ameze mara mbili zimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Aliisoma hatua kwa hatua.

"Vipi, mwanangu, ipo?" aliuliza shangazi.

Dada akatoka jikoni, akavuka sebule iliyojaa wanawake, akasimama kwenye mlango wa uani mbele ya wanaume wote.

"Sukari iko wapi?" akauliza.

Mdogo wake alimtazama kwanza, kana kwamba swali lilikuwa refu kuliko lilivyokuwa.

"Kabati la kulia, rafu ya chini, kopo la bluu. Makopo yapo mawili. Lile la mbele ni wanga wa mama, usilichukue. La nyuma ndilo la sukari."

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, ili awe na hakika, akauliza tena.

"Kulia?"

"Kulia."

Safari hii hakuna aliyecheka.