Hospitali ya Maboksi

Mwalimu wa chekechea alikuwa na ugonjwa wa kuokota. Akiingia dukani hutoka na boksi tupu, kwa fundi cherehani hutoka na vifungo, kwa fundi bomba na vipande vya mabomba, wala haoni haya kuomba. Midoli ya plastiki aliifungia stoo, akidai kwamba gari la plastiki litabaki gari tu, lakini boksi huwa chochote mtoto atakacho.

Wazazi wakaja juu. Walisema wamewaleta watoto shule, si jalalani. Bi Mkubwa, mjane mwenye shule, akakata shauri: Ijumaa angekuja na mzoa taka. Akiwakuta watoto wanajifunza, vitu vitabaki; akiwakuta wanachezea uchafu, vitapakiwa kwenye mkokoteni, na mwalimu akipenda afuatane navyo.

Bi Mkubwa hakuwa mtu wa utani. Kwa hiyo mwalimu, mhubiri mkubwa wa uhuru wa mchezo, akaanza kuwakaririsha watoto: mkiulizwa, semeni mnahesabu, mnapanga, mnafikiri. Moyoni alijionea aibu.

Ijumaa Bi Mkubwa akaingia, mkoba kwapani, akauliza wanafanya nini.

"Tunatibu," akajibu Kijino, binti mwenye pengo la mbele.

Mwalimu akafumba macho. Kijino akampima mgeni kutoka juu hadi chini, akamwambia alale. Haukuwa ufidhuli. Utaratibu wa darasa ulikuwa kwamba anayeukuta mchezo hupewa kazi, na siku hiyo kazi zote zilishachukuliwa, hata ya mlinzi wa geti. Iliyobaki ni ya mgonjwa.

Labda Bi Mkubwa alitaka kuwakomoa, labda alikuwa amechoka tu. Alivua viatu, akajilaza juu ya maboksi yaliyokunjuliwa. Wakamfunika pazia kuukuu, wakamsikiliza moyo kwa kipande cha bomba, wakamtia kijiko cha mbao mdomoni kupima homa. Kila alipotaka kusema aliambiwa anaharibu kipimo. Mwalimu akaanza kuwaza ataomba kazi wapi.

Kijino akakitoa kijiko. "Bibi, unaumwa wapi?"

Watu walizoea kumuuliza Bi Mkubwa habari za mishahara, chaki na funguo za choo.

"Magoti," akasema. "Na usingizi sipati, tangu babu yenu aondoke."

Wauguzi wakanong'onezana. Wakamfunga magoti kwa vitambaa, na mmoja akaketi karibu na kichwa chake amchunge mpaka alale. Mwalimu akajifanya anapanga vifungo.

Mara mzoa taka akachungulia mlangoni, akauliza aanze na maboksi yapi. Mwalimu akamtazama Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa hakufumbua hata macho.

"Mwambieni aende zake," akasema. "Mimi nimelazwa."