Mashine Iliyozibwa Pumzi

Tangu asubuhi Mhandisi hakukaa chini pale karakanani. Aligusa bomba la mashine yake, akaenda mlangoni kuchungulia barabara, akarudi kwenye bomba lile lile, hata mchomeleaji, aliyezoea kumwita Profesa kwa utani, akashindwa kujizuia.

"Profesa, utatoboa sakafu bure!"

"Mwacheni," alisema Fundi Mkuu. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Fundi Mkuu alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake. Alikuwa ameitumikia karakana hiyo ya serikali miaka thelathini, tangu enzi za kufua majembe kwa maagizo kutoka juu hadi siku hizi za kusubiri kazi isiyokuja. Sasa serikali ilitaka ubia. Kampuni binafsi italeta mtaji na soko. Karakana italeta jengo, mafundi, na mashine ya kukaushia nafaka aliyoibuni Mhandisi alipokuwa anamalizia chuo. Mkataba ulikuwa tayari kutiwa saini. Lakini ndani yake kulikuwa na kifungu kilichomnyima Mhandisi raha: mashine ikishindwa jaribio la leo, jengo litageuzwa ghala la kampuni, na mafundi kumi na mmoja watarudi makwao.

Wageni walifika saa nne. Ofisa wa wizara alitangulia, akimpa mkono kila mtu. Nyuma yake alikuja Mkurugenzi wa kampuni, mama wa makamo aliyevaa viatu bapa, ambaye hakumpa mtu mkono mpaka alipoizunguka mashine.

"Inameremeta," alisema.

Ilimeremeta kweli. Jana, Mhandisi alipokuwa ofisini akikamilisha taarifa, mjomba na wenzake walikuwa wameipaka rangi ya kijani kuanzia miguuni hadi kwenye bomba. Ndivyo walivyolelewa: enzi zile, mgeni akitangazwa, kopo la rangi hufunguliwa kabla ya yeye kuondoka kwake. Mhandisi alipoiona asubuhi, machozi yalimlengalenga kwa furaha. Hakuwaza zaidi.

Gunia la mahindi mabichi likamiminwa. Mashine yenyewe ilikuwa na akili moja tu, lakini akili nzuri: ndani yake mlikuwa na kidude kama kidole gumba, chenye vitundu vya kupitisha hewa, kilichopima unyevu. Unyevu ukishuka hadi asilimia kumi na tatu, moto ungejizima wenyewe, na mkulima angekuwa huru kuendelea na shughuli zake.

Namba kwenye kioo cha mashine ilianza na ishirini. Dakika kumi zikapita: ishirini. Dakika ishirini: ishirini. Kisha harufu ya kuungua ikawafikia wote kwa pamoja.

"Mmetuletea kikaushio," aliuliza Mkurugenzi, "au jiko la kuchomea mahindi?"

Mhandisi aliruka akazima moto. Ofisa alimvuta pembeni. "Binti yangu, usihangaike. Nitaandika kwamba umeme ulikatika, jaribio limefaulu kwa kiasi chake. Mambo haya tunayajua."

"Umeme haujakatika, mzee."

"Karatasi haina macho."

Mhandisi akarudi kwenye mashine. Alifungua kifuniko kwa bisibisi, mikono ikimtetemeka, akakichomoa kidude. Kilikuwa kijani. Vitundu vyote vilikuwa vimezibwa kwa rangi. Kilikuwa bado kinapima hewa ya jana. Alijua mara moja nani alishika brashi. Akisema, anamvua nguo mjomba wake mbele ya watu. Akinyamaza, ubunifu ndio utakaohukumiwa, na jengo litakuwa ghala.

"Kuna nini?" aliuliza Mkurugenzi.

"Kipimo kimezibwa. Rangi imekiingia."

"Nani alipaka?"

Mchomeleaji akaangalia dari.

"Mimi," alisema Fundi Mkuu. "Nilifungua kifuniko, nikakiona cheusi, nikakionea huruma. Mwanangu huyu hana kosa."

"Mjomba..."

"Niache niseme. Tulizoea kupaka ili mkubwa asione kutu. Safari hii nimempaka mtoto wangu rangi machoni."

Mkurugenzi hakucheka. Alikichukua kile kidude, akakigeuzageuza. "Sikilizeni. Kama nyinyi mmeweza kukiziba kwa mapenzi, mkulima atakiziba kwa vumbi na makapi ndani ya wiki moja. Hilo nani aliliwaza?"

Mhandisi hakuwa ameliwaza. Chuoni hapakuwa na makapi.

"Tupe saa mbili," alisema hatimaye.

"Gari linasubiri," ofisa alinong'ona.

"Lisubiri," alisema Mkurugenzi, akavuta stuli.

Hapo karakana ikaamka. Mhandisi alikiosha kidude kwa dawa ya kuyeyushia rangi, akakipuliza, akakitazama kwenye mwanga, akakiosha tena. Fundi Mkuu alikata wavu mwembamba wa waya, akaukunja uwe kofia, wakaanza kubishana.

"Mjomba, kaza hapo!"

"Nikikaza utakisafishaje? Iwe ya kuvutika kwa vidole. Mkulima hana bisibisi."

Alikuwa sahihi, na ilimuuma kidogo.

Gunia la pili likamiminwa. Ishirini. Kumi na tisa. Mhandisi alishindwa kutazama, akashindwa pia kutotazama. Kumi na sita. Kumi na nne. Ilipogonga kumi na tatu, moto ukajizima wenyewe bila kuguswa na mtu.

Mafundi walipiga kelele. Mkurugenzi alitia mkono kwenye mahindi, akauacha humo kitambo.

"Sisaini leo," alisema, na kelele zikafa. "Magunia mawili, moja limeungua. Nataka thelathini, mbele ya wakulima wenyewe, uwanjani kwao penye vumbi." Akatoa kalamu, akaufungua mkataba, akakikata kifungu cha ghala kwa mstari mmoja. Ofisa alikohoa. "Wizara ina neno?" Mkurugenzi alimuuliza.

"Hapana, hapana," alisema ofisa, naye akaweka saini yake ndogo pembeni.

Gari lilipoondoka, Mhandisi alikitazama tena kile kidude chenye kofia. Magunia thelathini! Na kofia ilikuwa moja tu, bila ya akiba ya kubadilisha ikijaa vumbi.

"Mjomba, wavu umebaki kiasi gani?"

"Shika hapa," alisema Fundi Mkuu, mkasi tayari mkononi. "Na usinitetemeshee."