Bledi Waliyoiita Kibogoyo

Ubao ulikuwa mmoja tu, mwekundu na mgumu. Marehemu baba mkwe wa Mama Gundi aliuweka darini miaka kumi na mmoja ukauke, akafa kabla ya kumtengenezea mkewe meza aliyomwahidi. Na ulitosha kwa shida: ukatwe vipande viwili, kila kimoja kinyooshwe ubavu, kisha viungwe. Ukipoteza upana wa kidole, meza ndiyo kwaheri.

Mwenye karakana ya useremala, mtoto mkubwa wa mjane huyo, alikuwa safarini kikazi, na mkewe ndiye aliyebaki nayo. Watu walimwita Mama Gundi, maana miaka sita walimwona akipaka gundi na kupiga msasa tu. Kwamba mumewe alimfundisha mashine zote, nani alijali kuuliza? Basi mama mkwe akamwita mwanawe mdogo, muuza vifaa vya ujenzi, ambaye hajawahi kutengeneza hata kigoda, lakini mdomo anao.

Shemeji alikuja na bledi mpya ya msumeno wa meza, inang'aa.

"Meno themanini! Hii haikati, inanyoa."

Mama Gundi hakubisha. Alichomoa waya wa umeme, akaifunga kwenye mashine. Ubao ulipopunguzwa ncha na kukatwa mkingamo, upana kwa upana, ulikatika laini kama sabuni.

"Umeona, Mama?" shemeji akasema. "Sasa tunyooshe mbavu."

"Kwa urefu siyo hiyo, shemeji. Kupasua kunataka meno machache."

Akatungua ukutani bledi ya zamani, meno ishirini na manne yenye mapengo makubwa. Mtaa mzima uliiita Kibogoyo. Shemeji akacheka hadi akashika mbavu.

"Kibogoyo atafune ubao wa Baba? Mama, unasikia haya?"

"Nasikia." Mama mkwe akamgeukia mkwe wake. "Mwanangu, ubao huu sina mwingine. Mwachie mwenzio."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma. Mama Gundi aliona akinyamaza leo, atanyamaza maisha.

"Sawa, Mama. Lakini tujaribu kwanza kwenye vipande vya ncha tulivyopunguza. Aanze yeye, na bledi yake."

Shemeji akasukuma kipande kwa mbwembwe zote. Kufika katikati, mashine ikaanza kuguna, moshi ukapanda, harufu ya kuungua ikajaa chumba. Kipande kilitoka na ubavu mweusi kama tako la sufuria.

"Mbao yenyewe ngumu mno," akasema, macho darini.

"Si mbao. Meno yakibanana, unga wa mbao hauna pa kutokea. Unasuguliwa mpaka unaungua. Na palipoungua, gundi haishiki." Gundi aliijua kuliko wote.

Akachomoa waya, akafungua nati, akamweka Kibogoyo, aliyekuwa keshasuguliwa utomvu kwa mafuta ya taa hadi meno yakawa wazi. Kipande cha pili kikapita bila moshi. Mama mkwe alikigusa ubavu, akakigeuza, akakigusa tena.

"Haya," akasema. "Pasua."

Mama Gundi akasukuma kipande cha kwanza. Hakuharakisha, hakusita katikati. Kibogoyo akanguruma sawasawa, unga ukamwagika kama mchele, ubavu wa kwanza ukatoka umenyooka. Wa pili vilevile. Akavilaza vipande mezani, akavisogeza mpaka vikakutana.

Mama mkwe akapitisha ukucha kwenye maungio. Akarudi, akapitisha tena. Hakuona pengo. Akapiga kigelegele kimoja kikali hadi majirani wakachungulia dirishani, na Mama Gundi akacheka kwa sauti, machozi yakimtoka, kwa furaha ambayo hakuwa na haja ya kuificha.

Kisha, kwa mazoea, akashika ufagio aondoe unga sakafuni. Mama mkwe akamnyang'anya.

"Fundi hafagii," akasema, akamtupia mwanawe ufagio.

Shemeji akainama, akafagia.