Umesema Mwenyewe

Muuzaji mkongwe wa duka la makochi walimpa jina la Karibu, na jina hilo halikumwonea. Mteja akigusa tu mlango wa kioo, yeye ameshafika: "Karibu mama, karibu ndani, kochi ni kukaa, ukisimama hulijui!" Kwa neno hilo moja alikuwa amelea mtoto, amezika mke na kumneemesha bosi. Halafu wakubwa wakakaa kikao, wakaona neno hilo limepitwa na wakati.

Ndivyo walivyo wakubwa. Biashara ikidorora hawajiulizi mbao za siku hizi wanazinunua wapi, laini kama biskuti iliyolowa. Wanasema wauzaji hawajui kufikiri. Basi wakaleta mwalimu wa kufikiri.

Alikuwa kijana wa viatu vilivyochongoka, na kila alichosema alikianza na "je". Kabla ya chai ya asubuhi, dada wa mapazia alikuwa ameshambatiza: Bwana Je.

"Muuzaji wa zamani anasema," alifundisha Bwana Je, akitembea katikati ya makochi kama anayepima kiwanja. "Muuzaji wa sasa anauliza. Ukimwambia mteja kochi ni zuri, atakubishia. Ukimuuliza mpaka aseme mwenyewe kuwa ni zuri, atabishana na nani? Je, mtu anaweza kujibishia mwenyewe?"

"Mume wangu anaweza," alisema dada wa mapazia. "Akishalewa."

Watu wakaangua kicheko. Bwana Je akangoja kiishe.

"Na kuna neno sitaki kulisikia humu. Mbona. Mbona hununui, mbona unaondoka, mbona hela ndogo. Mbona ni neno la ugomvi. Anayeulizwa mbona anajitetea, na akishajitetea anaaga. Semeni je."

Karibu akainua mkono. "Sasa mwalimu, mbona sisi..."

Hakumaliza. Duka zima lilicheka mpaka mlinzi akachungulia. Karibu mwenyewe hakucheka. Alikuwa na umri wa kumzaa yule kijana, na darasani aliishia pale karo ilipoishia.

Siku ile angeweza kupuuza, akakaa akisinzia mpaka semina iishe kama wenzake. Lakini bosi alisimama mlangoni, mikono mfukoni, akatoa neno: atakayeshika vizuri mafunzo haya atakuwa msimamizi wa ukumbi wa mauzo, na atajichagulia msaidizi wake mwenyewe. Usingizi ukamruka Karibu.

Msaidizi alikuwa naye. Alikuwa nyuma ya ukuta uleule alioegemea.

Nyuma ya ukuta kulikuwa na chumba cha gundi. Huko ndiko sponji hukatwa, hupakwa gundi kwa brashi na kubandikwa kwenye mbao kabla ya kuvishwa kitambaa. Dirisha lilikuwapo zamani. Baba yake bosi aliliziba kwa matofali kwa sababu vumbi la barabarani lilikuwa likiingia kwenye gundi. Mke wa Karibu alipaka gundi mle ndani tangu akiwa bibi harusi. Aliomba dirisha, akaambiwa litafikiriwa. Akaanza kukohoa, akaambiwa anywe maziwa. Alipokufa, bosi alikuja msibani na miwani myeusi, akamshika Karibu begani, akamnong'oneza, "Pole sana mzee wangu. Binti yako naye anajua kazi ya mama yake, eti?"

Binti alijua. Na nyumbani hapakuwa na mkono mwingine wa kusaidia. Akakaa kwenye kigoda kilekile cha mama yake. Sasa naye alikuwa ameanza: kikohozi kikavu, kifupi, kama mtu anayebisha hodi huku akiomba asifunguliwe. Karibu alikijua kikohozi kile. Alikuwa amelala nacho kitanda kimoja.

Kwa hiyo alisoma. Wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki na Bwana Je, akimtazama mdomoni. Akajifunza kwamba kuuliza kwenyewe si kazi, kazi ni kufikiri kabla ya kuuliza: umtazame mteja viatu, mikono, aliyefuatana naye, kochi analolipita na lile analorudia. Akajifunza kwamba swali likishatoka, muulizaji afunge mdomo. Hapo ndipo palipowashinda wengi, na yeye zaidi, maana maisha yake yote alikuwa mtu wa kujaza ukimya. Jioni alifanya mazoezi kwa binti yake.

"Je, mwanangu, ukirudi kazini kitu gani hukuchosha kuliko vyote?"

"Baba, umeajiriwa polisi?"

"Jibu tu."

"Maswali yako," alisema binti, akacheka, na kicheko kikamtia kikohozi.

Siku ya majaribio ilipofika, bosi na Bwana Je walikaa pembeni kwenye kochi la ngozi, wakajifanya wateja waliochoka. Wauzaji wakaitwa mmoja mmoja. Wa kwanza alimuuliza mteja, "Je, una hela?" Mteja akageuka hapohapo. Dada wa mapazia aliuliza maswali mazuri, lakini aliyajibu yote mwenyewe.

Zamu ya Karibu, akaingia mama mnene wa makamo, akaenda moja kwa moja kwenye kochi la chini, laini, lile ambalo ukikaa unapotea. Neno la "karibu" lilimfika Karibu kwenye meno. Akalimeza. Akamtazama yule mama akilibonyeza, kisha akijishika kiuno.

"Je, mama, nyumbani kochi hukaliwa zaidi na nani?"

"Nani tena? Mama mkwe. Mimi nitakaa saa ngapi?"

"Na akitaka kuinuka, inakuwaje?"

"Wee!" Yule mama akaweka mkoba chini. "Baba yangu, usiniulize. Lile tulilonalo akishakaa ni kama ndoo imetumbukia kisimani. Mpaka avutwe."

"Anavutwa na nani?"

"Na mimi hapa! Mwanawe si yuko kazini? Au anajifanya yuko kazini."

Karibu akanyamaza. Ukimya ule ulimwuma, lakini akauacha. Yule mama akalitazama kochi laini, akajishika tena kiuno, akageuka kutazama lile la miguu mirefu, gumu, lenye mikono ya kushikia. Bei yake ilikuwa karibu maradufu.

"Hili laini si litakuwa kisima kingine?" alijiuliza kwa sauti. "Hebu nikalie lile."

Akakaa, akashika mikono ya kochi, akainuka bila kuvutwa na mtu. Akacheka peke yake. "Chukueni hela yenu," alisema. "Kiuno changu ni ghali zaidi."

Alipotoka, Bwana Je alipiga makofi, na bosi akapiga makofi kwa kuwa Bwana Je amepiga. Karibu alisimama katikati ya duka. Hakuwa akiufikiria usimamizi. Alikuwa akilifikiria shati safi la binti yake, na mahali atakaposimama, pale karibu na mlango, penye hewa.

Bosi akamwita ofisini.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba."

"Keti. Leo umenifunga mdomo. Usimamizi ni wako, halali yako. Wewe ndiye nguzo ya nyumba hii."

Kilemba cha ukoka kikamkaa vizuri kichwani. "Ahsante, bosi. Na msaidizi nimeshampata. Binti yangu."

Bosi hakukunja uso. Alitabasamu, akaegemea kiti. "Wazo zuri. Je, naweza kuuliza kidogo?"

"Uliza tu."

"Kule nyuma, nani anapaka gundi vizuri kuliko yeye?"

Swali la kumsifia mtoto, mzazi gani atalikwepa? "Hakuna. Ana mkono wa mama yake."

"Kweli kabisa. Na kochi likibanduka nyumbani kwa mteja, mteja anarudi kumgombeza nani?"

"Msimamizi."

"Ambaye sasa ni nani?"

"Mimi."

"Sasa wewe kama msimamizi, ungependa kule nyuma akae mtu gani?"

Bosi akanyamaza. Karibu aliujua ukimya ule. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameutumia yeye. Lakini kuujua mtego si kutoka mtegoni.

"Mtu anayejua kazi," alisema.

"Ambaye ni...?"

"Bosi, anakohoa."

"Pole, mzee wangu. Pole sana. Je, tukimtoa yeye, tutamwingiza nani?"

"Mtu mwingine."

"Mtoto wa nani? Yule wa mlinzi amemaliza shule. Wa dada wa mapazia pia anatafuta kazi. Wewe ungechagua akakohoe mtoto wa nani?"

Karibu akafungua mdomo. Kisha neno lililokatazwa likamtoka lenyewe. "Mbona hamtoboi dirisha?"

Bosi hakukasirika. Heri angekasirika. "Je, vumbi la nje likiingia kwenye gundi, gundi inashika?"

"Haishiki."

"Na isiposhika?"

"Makochi yanarudi."

"Yakirudi?"

"Watu wanapunguzwa kazi."

"Wataanza na vijana au wazee?" Bosi aliuliza taratibu, kama anayemuuliza mgonjwa panauma wapi. Hakungoja jibu. Alisimama, akamzunguka, akamshika begani palepale alipomshika msibani. "Unaona? Mimi sijakukatalia kitu. Umesema mwenyewe. Ndiyo maana nakuheshimu, mzee wangu, una akili ya biashara. Msaidizi tutamwangalia mwingine."

Wenye vyeo wana bahati moja kubwa. Fundisho lolote watakaloleta kwa ajili ya wadogo, wanalijua matumizi yake kabla ya wadogo. Zamani bosi alisema hapana, na mtu angeweza kuichukia hapana ile, akalala nayo, akaamka nayo, pengine siku moja akairudisha. Sasa Karibu amchukie nani? Kila neno lilikuwa la kinywa chake.

Alipita mlango wa nyuma akiwa na beji mpya kifuani. Chumba cha gundi kilimpokea kwa harufu yake, ile inayoingia machoni kwanza. Binti alikuwa ameinamia sponji, kitambaa puani, brashi mkononi. Akaiona beji, akainuka haraka.

"Baba! Umepata! Na mimi je? Wamesemaje?"

"Hawakusema kitu. Niliulizwa tu, nikajibu."

"Ukajibu nini?"

Karibu alitazama matofali yaliyoziba dirisha. Alitafuta swali la kumrudishia, asipate hata moja.

"Nimesema hakuna anayepaka gundi kama wewe."

Uso wa binti ukang'aa. Akashusha kitambaa kidogo, akatabasamu mpaka mashavuni. "Kweli, baba? Mbele ya bosi? Naye kasikia?"

"Kasikia."

Binti akakohoa, akajipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono, akachovya brashi tena. Safari hii alipaka taratibu zaidi, kwa uangalifu, kama mtu aliyejua kuwa anatazamwa.