Aliyechelewa Kuitikia

"Uko na begi kubwa?" mama aliniuliza akiwa mlangoni mwa duka, hata kabla ya kunisalimia. Alikuwa amevaa koti la kanisa juu ya leso ya jikoni, na kwapani amebana blanketi, Biblia na chupa ya chai. "Funga, Kui. Twende Thika kwa mjomba wako. Hawa watu wamekula kiapo."

Akanipa simu yake.

Klipu yenyewe haikufika nusu dakika. Wazee wa Kimaasai wamesimama bomani, fimbo zinapanda na kushuka. Mmoja anasema maneno ya haraka, halafu sauti nyingi zinamjibu kwa pamoja, "Naai!" Anasema tena, wanajibu tena. Mwingine anapuliza kitu cheupe hewani kutoka kinywani. Chini kumeandikwa kwa rangi nyekundu: KIAPO CHA MASHUURU. BAADA YA KURA WAGENI WATARUDI KWAO. NANI ATAKULINDA? Wageni, yaani sisi tusio Wamaasai. Na pembeni, akitabasamu ndani ya suti, Hiram Wanyoike, aliyekuwa anatafuta kiti cha wadi yetu hapa Kitengela, na ambaye kila asubuhi alikuwa ameshapakia kitu mtandaoni kabla sisi wengine hatujanywa chai.

Niliogopa. Mimi niliyeolewa na Mmaasai, niliyeuza naye dawa za mifugo katika duka hilohilo tangu tuoane, niliogopa kama yeye. Nilijiuliza hata kama Simel, mume wangu, alijua, na kama alikuwa amenificha. Wazo hilo halikukaa sana, lakini lilipita, na sijalisahau.

Mama naye alikuwa na sababu zake. Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi tulitoka Molo tukiwa tumelala chini kwenye lori la viazi, na mpaka leo anaililia cherehani aliyoiacha mezani, kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa mama, neno kiapo lilitosha. Hakuhitaji kuambiwa nani amekula wala kwa nini.

Niliicheza klipu mara ya pili. "Naai!" walisema wote. Kisha nyuma yao, peke yake, ikaja sauti nyembamba ya mwanamke. "Naai."

Niliijua sauti hiyo. Nimekua nikisimama kando yake kanisani, ikisema amina wakati mchungaji ameshaingia ombi lingine.

Klipu ilikuwa ya siku ya harusi yangu. Tulikuwa nyumbani kwa kina Simel, Mashuuru, na Mzee Lemein, mjomba wake, alishika kibuyu cha maziwa kilichozibwa kwa majani mabichi. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa mbele ya wazee. Mzee aliomba tupate watoto, tupate ng'ombe, tuzeeke pamoja, na kila ombi watu waliitikia Naai, yaani Ee Mungu. Maziwa ya baraka yalinirukia mimi na yakamrukia mama, aliyekuwa ametoka saluni asubuhi ile, na njia nzima ya kurudi alilalamika. Ndugu yangu alirekodi yote, nami nikaiweka Facebook kwa furaha zangu. Sasa mtu alikuwa ameikata. Bibi harusi hayupo, kibuyu hakipo. Zimebaki fimbo, na Simel ndani ya shuka nyekundu, uso wote kwenye kamera, kinywa wazi, sekunde moja tu ambayo mara ya kwanza hofu ilinificha.

"Mama, huyo anayechelewa ni wewe."

Aliweka simu sikioni. Akaitoa, akaitazama, akairudisha. "Mimi sijawahi kwenda kwa kiapo."

"Ni harusi yangu. Ulikuwa hapo. Ulililia nywele zako."

"Ile ilikuwa baraka," alisema polepole, kama anayemwelewesha mtoto. "Hii ni kiapo. Si unaona wameandika?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikateremka kwenye maoni. *Huyo wa shuka namjua. Ako na duka ya dawa za ng'ombe hapa karibu na soko.* Na chini yake: *Leo tumtembelee.*

Simel alikuwa ameenda Mashuuru kupeleka dawa ya kupe, na mchana huo ndio alikuwa anarudi. Nilimpigia. Yule mama wa kwenye simu akaniambia mteja hapatikani. Nikapiga tena, nikaambiwa vilevile, kwa adabu ileile.

Walikuja kabla yake. Mbele alikuwa Kiama, anayeosha magari ng'ambo ya barabara, ambaye Simel humwachia pickup na funguo bila wasiwasi. Nyuma yake kulikuwa na vijana sita au saba, mmoja na mpini wa jembe.

"Boss ako?" Kiama aliuliza, macho yakiwa kwenye rafu.

"Ametoka."

"Tutamngoja."

Niliwaonyesha video nzima kwenye ukurasa wangu. Nilisema hii ni harusi, huyu ni mimi, tazameni. Mwenye mpini akacheka. "Siku hizi hata harusi inatengenezwa na computer, madam." Nilisimama na ushahidi wangu mkononi nikauona hauna kazi.

Kisha nikasikia pickup yetu ikikata kona. Ina sauti ya kukohoa. Vijana nao waliijua. Wakageuka wote kuelekea barabarani.

Mama aliweka blanketi chini. Akaweka Biblia juu ya blanketi, na chupa ya chai kando. Alikuwa amekuja kwangu kuwakimbia Wamaasai. Sasa aliwapita vijana wa kabila letu mmoja mmoja akasimama mbele ya Kiama.

"Toa simu yako. Weka sauti juu. Hapo. Umesikia huyo wa nyuma?"

"Nimesikia."

"Ni mimi."

Kiama alirudi nyuma hatua, akamwita kama anavyomwita bibi yake. "Shosh, wewe ulikula kiapo?"

"Nilikuwa naoza msichana wangu. Cheza tena."

Klipu ikalia. "Naai!" wakasema wazee wa kwenye simu, na mama, akiwa amesimama na leso yake ya jikoni, akaitikia juu yao, amechelewa kwa kipimo kilekile, sauti ileile nyembamba na mbaya. Ikawa moja na ile ya kwenye simu. Wakacheza tena, akachelewa tena.

"Shosh," mmoja akasema, "wewe ndio huharibu kwaya."

Mtu akacheka, na mwingine. Mpini ukashuka. Simel akashuka garini, akasalimu kwa Kimaasai, "Supa, kuna nini leo?" Kiama akauliza bei ya dawa ya viroboto, na Simel, asiyejua lolote, akamtajia.

Klipu haikuondolewa. Wanyoike alishinda, na wiki iliyofuata alipakia picha yake amevishwa shuka, ameshika kibuyu, na neno moja chini: Amani. Simel alihamisha kiti chake cha dukani, na tangu hapo hukaa ameangalia mlango.

Desemba iliyopita Mzee Lemein alikuja kumbariki binti yetu, Naipanoi. Alishika kibuyu, akaomba, na ua wote ukaitikia, "Naai!" Nilingoja sauti ya nyuma. Haikuja.

Niliinua kichwa. Mama alikuwa amemkumbatia mjukuu kifuani, na macho yake yalikuwa yanapita kwenye mikono ya watu, mmoja hadi mwingine, yakitafuta nani ameshika simu. Mzee alikuwa ameshamaliza, na watu wameanza kukaa, mama alipoinamisha kichwa na kusema kwa sauti ya chini, peke yake, "Naai."